Dhahabu ya Kamituga: resini inakamata dhahabu, haiondoi sumu

Kule Kamituga, Kivu Kusini, mchanga ambao mama twangaise amekwisha kutwanga na kuosha hautupwi tena. Unauzwa. Anayeununua anajua kwamba zebaki mara nyingi inaacha zaidi ya nusu ya dhahabu ndani ya mchanga huo. Akiusaga vizuri na kuulowesha katika maji ya sianidi, anaweza kutoa hata 90 kwa mia.

Dhahabu ikisha kuyeyuka katika maji hayo, inabaki kuikamata. Viwanda vingi, kama kile cha Kibali katika Haut-Uélé, vinatumia makaa maalum. Kuna pia resini: vipunje vidogo vya plastiki vinavyovuta dhahabu na kuachilia kitu kingine mahali pake. Si jambo jipya. Muruntau, Uzbekistani, ilianza nayo tangu enzi ya Umoja wa Kisovieti. Penjom, Malaysia, iliichukua mwaka 1999, kwa sababu mawe yake yana kaboni ya asili inayoiba dhahabu mbele ya makaa ya kiwanda. Tena makaa yanapaswa kuchomwa upya katika tanuri ya digri karibu 700. Resini haihitaji tanuri hiyo. Kwa machimbo yasiyo na umeme wa uhakika, hiyo si faida ndogo.

Lakini mtu akija na resini na kuiita njia safi, asisadikiwe haraka. Resini inafika mwisho wa kazi. Sianidi ni ileile, maji ni yaleyale. Na mchanga wa Kamituga una shida yake: umepitia zebaki. Sianidi inayeyusha zebaki pia, nayo inafuata maji hadi mtoni. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata unaweka kutia sianidi katika mchanga wenye zebaki, bila kuitoa kwanza, kati ya matendo mabaya zaidi yanayopaswa kukomeshwa. Kabla ya kutoa ruhusa yoyote, wakubwa wa migodi waulize maswali mawili: zebaki inatolewa wapi, na sianidi inaharibiwa wapi kabla maji hayajaachiliwa? Bwawa lisilotandikwa plastiki chini si jibu.

Halafu kuna bei, jambo ambalo watu wa mashine hawapendi kuzungumzia. Kuitoa dhahabu ndani ya resini kunahitaji asidi, tioyurea na mtu wa maabara. Mwenye maabara ndiye anayejua gramu zilizotoka. Mama aliyetwanga hajui, na mara nyingi hata PDG wa shimo hajui. Kooperative zinaweza kukataa kuuza kwa kukadiria na macho: mchanga upimwe kwanza, mbele ya pande zote mbili, na bei ifuate gramu zilizomo, si idadi ya mifuko. Kipimo hicho kina gharama, ndiyo. Mnunuzi mwenye pesa ya kuagiza resini kutoka ng'ambo hawezi kukosa ya kukilipia.