Mto Nao Una Kiwanja Chake

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba hapo kale ndovu alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama topeni asitoke tena. Waliomwona wakasema "idodomya", yaani amezama, na mahali hapo pakaitwa Dodoma. Basi mji wetu mkuu umebeba onyo katika jina lake.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Eneo la mji likatengwa, na kazi ya kuujenga ikapewa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilisuasua. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo. Mwaka 2017 Mamlaka ikavunjwa na shughuli zake zikakabidhiwa halmashauri. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 765,179. Haya ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini watu wengi wahitaji viwanja vingi, na macho ya wapimaji sasa yageukia mabondeni.

Wako wasemao kuwa Ugogo ni nchi kavu, na mafuriko ni mambo ya Pwani. Hao hawaijui nchi hii. Mvua yetu ni chache, lakini huja kwa miezi michache tu, Desemba hadi Aprili, nayo huipiga ardhi ngumu kwa nguvu. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi, jioni ni mto. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ziliifurisha mito ya Kinyasungwe na Mkondoa, reli kati ya Gulwe na Kilosa ikabomolewa, na treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Kinyasungwe ndiyo ipokeayo maji ya Dodoma. Kila bati na kila lami tunayoongeza mjini huyanyima maji nafasi ya kunywewa na ardhi, nayo hukimbilia huko huko.

Tazameni bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Watu waliachwa wakajenga humo mwaka hata mwaka. Desemba 2011 maji yakaua watu zaidi ya arobaini, na waliookoka wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za kulitengeneza bonde hilo. Fedha hizo ni mkopo, nao utalipwa na mkulima wa uwele wa Bahi sawasawa na mfanyabiashara wa Kariakoo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sheria tunayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka mwenye ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na bila kuchelewa. Yatakiwa zitimizwe zote mbili pamoja. Si haki kumwondoa Mgogo katika shamba lake la bondeni kwa jina la mto, kisha mwenye fedha akapewa hapo hapo kiwanja cha hoteli.

Kwa hiyo twasema hivi. Ramani ya makorongo yote ya jiji ibandikwe katika kila ofisi ya kata, mwananchi aione kabla hajatoa fedha yake. Mwenye shamba alipwe kwanza, greda lije baadaye. Mabonde yapandwe miti, na yasiyo ya hatari yawe viwanja vya watoto kuchezea. Na afisa apimaye kiwanja ndani ya mto awajibike yeye, asiachiwe mzigo yule aliyekinunua kwa nia njema.

Kila mwanachama na aulize mambo haya katika mkutano wa mtaa wake sasa, wakati korongo bado ni kavu. Maji yakija hayaombi hati ya mtu.