Shimo la Mita Mbili Juu ya Mwamba

Ng'ombe anapokufa kwa maradhi mashambani, mwenye mali huambiwa asimchune, asimpasue wala asimuuze. Amchome awe majivu, au amfukie katika shimo la kina cha mita mbili na kumwagia chokaa. Amri hiyo ina sababu zake, nasi hatuipingi. Kimeta kikipata hewa hujivika ganda na kuishi udongoni kwa makumi ya miaka. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu zaidi ya 100 nchini Tanzania mwaka 2007, iliwafikia wengi kwa damu ya mnyama mgonjwa.

Tunachopinga ni kuitamka amri hiyo kana kwamba Unguja nzima ni udongo wa Kizimbani. Twendeni Makunduchi, Jambiani au Uzi. Huko ni uwanda, maweni matupu yenye udongo haba, na jembe hugonga jiwe kabla halijazama. Hata shimo likipatikana kwa mtaimbo, jiwe lenyewe lina mianya, na kinachooza humo hushuka upesi hadi kwenye maji ya visima. Kuchoma nako kwataka mzigo mkubwa wa kuni, na kuni ndizo riziki ya nyumba hiyo hiyo iliyofiwa na ng'ombe.

Basi mzoga husubiri usiku. Hutupwa pangoni au kichakani. Na pale deni linapokaza, hupata kisu ukawa nyama. Sisi wa Jang'ombe tusidhani hayo ni ya shamba peke yake, kwa maana kitoweo chetu hutoka huko. Majirani zetu Waislamu wamekatazwa kibudu na dini yao, na Torati ya Musa nayo iliwakataza Waisraeli. Kumlisha mtu kibudu kwa siri ni kumdhulumu mwili na dhamiri pamoja.

Wako wanaojibu kwamba watu wa shamba ni wajinga, wapigwe faini watajifunza. Neno hili latuchukiza. Faini haipasui mwamba. Humfundisha maskini jambo moja tu, nalo ni kuficha.

Wala tusiambiwe kwamba huko ni mbali mno. Kuanzia mwaka 1994 ndege zilimwaga mbung'o madume waliohasiwa juu ya kisiwa hiki, pamoja na msitu wa Jozani, kwa ushirikiano wa Serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Kazi hiyo ilikuwa njema, ikawafungulia wengi njia ya kufuga ng'ombe wa maziwa. Je, palipofikiwa na nzi kwa ndege, mfuko wa chokaa haupafiki kwa gari?

Ulaya yenye matajiri, baada ya kuteswa na ugonjwa wa ng'ombe wenye wazimu, ilikaza sana sheria za mizoga. Hata hivyo sheria yake Na. 1069 ya mwaka 2009 inaziruhusu nchi kuyatenga maeneo ya mbali, ambako mizoga yaweza kuchomwa au kufukiwa papo hapo chini ya usimamizi. Watunga sheria hao waliitazama ardhi kwanza.

Papa Pius XI alifundisha kanuni ya auni katika waraka wake wa mwaka 1931. Mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi anayoiweza. Lakini tunaongeza upande wa pili, ambao wakubwa hupenda kuusahau: asiloliweza mdogo, mkubwa amsaidie.

Mifugo si jambo la Muungano. Zanzibar ina mamlaka yake na sheria yake, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja Dodoma. Tunadai kila shehia ya uwandani ipimiwe mahali pa kufukia, mbali na visima, hata kama ni kuubeba mzoga hadi penye udongo. Chokaa na gari vitolewe na Serikali. Na atakayemwita Bwana Mifugo kabla ya kugusa kisu alipwe sehemu ya thamani ya mnyama wake, siku hiyo hiyo, mbele ya Sheha.