Kurekebisha Pasi na Kueleza

Aghalabu simu au tarakilishi inapomtaka mtumiaji apokee toleo jipya la programu, humpa sentensi moja tu: “Hitilafu zimerekebishwa na utendaji umeboreshwa.” Kisarufi sentensi hiyo haina ila. Kimaana ni debe tupu. Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa, mtendaji hayupo, na hizo hitilafu hazina jina wala idadi. Msomaji hawezi kujua iwapo alikuwa hatarini jana, wala afanye nini leo.

Wapo wahandisi wanaoshikilia kwamba la muhimu ni programu kufanya kazi, maelezo ni pambo. Nakataa, na ushahidi wangu ni wa mwaka 2008. Mnamo Septemba 2006, toleo la OpenSSL lililosambazwa na mradi wa Debian lilitoka likiwa limeondolewa msimbo kidogo tu. Tangu hapo, tarakilishi zilizolitumia zilitunga funguo za siri ndani ya duara finyu mno: kwa kila aina ya mashine na kila ukubwa wa ufunguo, takriban funguo 32,768 basi. Mwizi angeweza kuzijaribu zote.

Debian ilipotoa marekebisho tarehe 13 Mei 2008, kurekebisha programu hakukutosha. Funguo mbovu zilikuwa zimekwisha kutungwa na kusambaa, nyingine hata katika mitambo isiyotumia Debian kamwe. Ilibidi zitupwe. Kazi hiyo programu isingeweza kuikamilisha peke yake, ilitegemea maandishi. Tangazo lilitaja toleo lililoleta dosari, likataja funguo zilizoathirika na zilizosalimika (za GnuPG, kwa mfano), kisha likamhimiza msomaji atunge nyingine. Hebu fikiria lingalisema tu “hitilafu zimerekebishwa”!

Nawageukia walimu wenzangu. Katika madarasa ya lugha twang'ang'ania barua kwa mhariri na kumbukumbu za mikutano, ambazo wengi wa wanafunzi wetu hawataziandika maishani. Mbona tusiwape zoezi hili: hapa pana dosari iliyorekebishwa, eleza, kwa maneno arubaini ya Kiswahili sanifu, ilimdhuru nani, tangu toleo lipi, na mtu afanye nini baada ya kupokea jipya. Kisha karatasi hiyo apewe mwanafunzi mwingine asiyeijua programu hiyo, aamue kama atalipokea toleo usiku huu au atangoja Jumamosi. Mwandishi atuzwe alama kwa uamuzi wa huyo wa pili.