Upepo Hausukumi Paa, Hulinyanyua

Kila masika taarifa hutujia na sentensi ileile: mvua iliyoambatana na upepo mkali imeezua paa la shule. Iwe Mlimba, Mang'ula au Ifakara mjini, mtenda katika sentensi hiyo ni upepo, na upepo haushtakiki. Naikataa sentensi hiyo, kwa sarufi yake na kwa fizikia yake.

Wengi hudhani upepo hulisukuma paa mpaka likang'oka. Sivyo. Hewa inapolikabili jengo hulazimika kupanda juu yake, na inapovuka ukingo wa bati huenda kasi zaidi. Mgandamizo wake hapo hushuka. Wakati huohuo hewa iliyoingia kwa madirisha yasiyo na vioo hujaa darasani na kulisukuma bati kutoka chini. Juu panavuta, chini panasukuma. Ndiyo maana paa huanza kubanduka pembeni na kwenye kona, ambako mvuto huwa mkubwa zaidi.

Tuhesabu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, huzaa mgandamizo wa nyutoni 540 hivi kwa kila mita ya mraba, sawa na uzito wa kilo 55. Bati la geji 30 lina kilo tatu hivi kwa eneo hilo. Ukijumlisha papi na kenchi, bado hufikii nusu. Paa la mita 60 za mraba laweza kuvutwa juu kwa nguvu ya tani tatu na zaidi. Kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Uzito hauliokoi paa hilo. Kifungo ndicho kinachoweza kuliokoa.

Nyumba za nyasi za wazee wetu wa bonde la Kilombero zilikuwa na faida moja isiyotajwa: zilipitisha hewa, hivyo tofauti ya mgandamizo ilipungua. (Ule uwazi kati ya ukuta na paa watafiti wa Ifakara wameuchunguza miaka mingi kwa sababu ya mbu. Wa kuuchunguza kwa sababu ya upepo sijamsikia.) Tumeleta bati, jepesi na lisilopitisha hewa, tukalipigilia kana kwamba bado ni nyasi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na waheshimiwa ulipo. Waya wa nondo au mkanda wa chuma huzikwa kwenye lenta zege likiwa bichi, kisha huzungushwa juu ya kenchi. Ni kazi ndogo, na dari ikishapigwa hakuna aionaye. Mgeni rasmi hukata utepe, hupigwa picha, huondoka. Paa likiruka, kamati ya maafa huleta bati jipya na misumari ileile, juu ya kenchi zilezile zisizofungwa, na watoto hurudishwa chini yake.

Mhandisi wa halmashauri apande ngazi kabla dari haijapigwa, akague vifungo kenchi kwa kenchi, na jina lake liandikwe kwenye hati ya makabidhiano.