WANAOULIZA NA WANAOULIZWA



Mwezi uliopita walikuja vijana wanne katika landi zetu upande wa Naivasha, wamevaa vitambulisho shingoni na mikononi wameshika simu kubwa za kioo, wakaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Waliuliza nyumba ina watu wangapi, wanakula mara ngapi kwa siku, wanalipa nini kwa umeme na kwa makaa, na deni la dukani limefika kiasi gani. Nyumba nyingine waliwapa viti na chai. Nyumba nyingine waliwafukuza, na mwanachama mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa ni mtu mzima mwenye heshima yake, aliwaambia kwamba kama wataka kuhesabu sufuria zake wamletee kwanza kitu cha kutia ndani. Maneno hayo yangali yakizunguka karakana na watu wanacheka. Lakini katika mkutano wa tawi likaletwa shauri ambalo si la kuchekesha, kwamba chama kiwakataze wanachama wote wasijibu tena maswali ya watu wa namna hii.

Sisi tunaoandika karatasi hii hatulikubali shauri hilo. Twaomba mtusome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Hasira yenyewe twaijua, na haikuzuka bure. Sisi twakaa mahali ambapo watu wamepimwa na kuulizwa kwa miaka mingi. Mtu akisimama kwenye njia ya reli karibu na Longonot asubuhi ya baridi aona mvuke wa Olkaria ukipanda mweupe. Visima vya kwanza vya kujaribu mvuke huo vilichimbwa katika miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 1981. Mwaka 2023 karibu sehemu 45 katika kila 100 za umeme wote wa Kenya zilitoka katika mvuke wa ardhini, na nyingi ya hizo zilitoka hapa. Na mwaka 2014, ulipojengwa mtambo wa nne, jamaa za Wamasai wa vijiji vinne walihamishwa wakapelekwa mahali pengine, katika shamba la ekari kama 1,700. Kabla ya kuhamishwa waliulizwa sana. Walihesabiwa wao, nyumba zao na mifugo yao, na mikutano ikafanywa. Hata hivyo mwaka huo huo wengine wao waliandika malalamiko kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa zimekopesha fedha za kazi hiyo. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuja kutazama, nalo likaona kwamba zile kanuni ambazo benki imejiwekea kwa ajili ya wenyeji wa asili hazikufuatwa, na tena kwamba lugha ya Kimaa haikutumika inavyopasa katika mashauri yale. Yaani mzee aliulizwa juu ya ardhi ya baba yake kwa lugha ambayo si ile anayoiotea ndoto, kisha ikaandikwa kwamba ameulizwa.

Basi mtu wa Olkaria akimwona kijana na kioo chake, akafunga mlango, nani atamlaumu?

Lakini ndugu, wale walalamikaji walisikilizwa kwa nini? Walikuwa na hesabu, na waliweza kusema nyumba ngapi, ekari ngapi, njia gani imeharibiwa na mvua. Mwaka 2015 na 2016 kulikuwa na upatanisho na mapatano yakatiwa sahihi, na kila neno la mapatano yale lilihitaji mtu aliyehesabu kitu. Hesabu ni kama nyundo ya fundi, ambayo hugonga msumari au kidole kwa kutegemea imo mkononi mwa nani.

Tutawapa mfano wa umeme, kwa sababu unatuhusu sana sisi tunaokaa chini ya nyaya kubwa. Wataalamu watatu wa uchumi kutoka Marekani, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walifanya uchunguzi katika vijiji 150 vya Busia na Siaya kuanzia mwaka 2014, nao ukachapishwa mwaka 2020. Wakati ule kuunganishiwa umeme nyumbani kulikuwa shilingi 35,000. Walifanya hivi: walipiga kura, na kwa kura hiyo vijiji vingine vikaachwa na bei ile ile, vingine vikapunguziwa mpaka 25,000, vingine mpaka 15,000, na vingine vikapewa bure kabisa. Kura ile ndiyo akili ya kazi yote. Kama mtu anachagua mwenyewe kuvuta umeme, huwezi kujua kama amestawi kwa sababu ya umeme au alivuta umeme kwa sababu tayari alikuwa amestawi. Lakini kura haijui nani tajiri na nani maskini. Ukilinganisha vijiji hivyo baadaye, tofauti utakayoiona yaweza kuaminika.

Waliona nini? Palipotolewa bure, karibu watu wote waliukubali. Penye bei ya 15,000, kama mmoja katika wanne. Penye 25,000, kama saba katika mia. Penye bei kamili, karibu hakuna mtu. Kisha walirudi baada ya mwaka na zaidi, na tena baadaye, wakauliza juu ya mapato, afya na masomo ya watoto. Hawakukuta tofauti kubwa baina ya waliopata umeme na wasiopata.

Hapa ndipo penye hatari. Tumekwisha kusikia, katika mkutano ambao hatutautaja, bwana mmoja mwenye tai akisema kwamba wataalamu wamethibitisha ya kuwa umeme haumsaidii maskini, basi kwa nini mnalalamikia bei? Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyeisoma kazi yenyewe. Na kama tungekuwa tumeisoma tungalimwambia hivi. Bwana, wataalamu hao hao wameeleza kwamba watu wale walikuwa maskini mno, hawakuwa na fedha za kununua chochote cha kuchomeka ila taa na cha kutia chaji simu, wala hawakuwa na mahali pa kukopa. Wameeleza pia kwamba umeme ulikatika mara kwa mara. Tena walikwenda wakahesabu nguzo moja moja, wakakuta zilizosimamishwa zimepungua kwa karibu moja katika tano kuliko zile zilizopangwa. Nguzo hizo zilikwenda wapi? Hilo ndilo swali la kumwuliza mwenye tai. Kwa watu wa gengi halina ugeni. Mtu aliyewahi kuambiwa asaini mataruma 100 huku yaliyoshushwa ni 80 ameielewa sura hiyo ya kitabu bila kukifungua.

Sisi twasema kazi ya namna hiyo ni ya kweli, na ukweli wake haukutupendeza wote. Wengi wetu tuliamini ya kwamba waya ukifika mlangoni taabu imekwisha. Sivyo. Waya bila mshahara huangaza umaskini tu, ukaonekana vizuri zaidi.

Kuna kazi nyingine ya elimu ambayo kila mtu wa reli angepaswa kuijua, na twashangaa kwamba hatukuambiwa na mtu. Remi Jedwab, Edward Kerby na Alexander Moradi walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wao juu ya reli yetu hii hii. Njia ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Wajenzi wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, karibu 32,000, na kama 2,500 kati yao walikufa. Wataalamu hawa waliuliza: kwa nini miji ya Kenya iko pale ilipo? Jawabu lao ni kwamba reli ilipitishwa kwa shauri la Uganda na Ziwa, si kwa sababu nchi ya katikati ilikuwa na biashara kubwa. Kisha walowezi wakakaa karibu na reli, na miji ikakua palipokaa walowezi. Baada ya uhuru walowezi wengi walikwenda zao, na reli ikaanza kuchakaa, lakini miji ikabaki pale pale na ikaendelea kukua. Nakuru haikuhitaji tena gari moshi ili iwe Nakuru.

Tuliposoma hayo baadhi yetu tuliona uchungu, kana kwamba tumeambiwa kazi yetu imekwisha. Sisi twaliona jambo lingine ndani yake. Ikiwa reli ya miaka 120 iliyopita ingali inaamua leo mtoto atazaliwa karibu na hospitali au mbali nayo, basi mahali pa kupitisha reli si jambo la mainjinia na wakopeshaji peke yao. Njia mpya ilifika Suswa mwezi wa Oktoba mwaka 2019, kilometa 120 kutoka Nairobi, kisha ikajengwa njia fupi ya kuiunganisha na yetu ya zamani hapa Longonot. Tangu wakati ule watu wamekuwa wakinunua viwanja na kujenga vibanda huko mbugani. Huo ni mji unaozaliwa, na sisi twapita katikati yake kila siku tukiwa na funguo na nyundo. Je, kuna mtu wa chama chetu aliyeulizwa wafanya kazi watakaa wapi?

Iko pia ile kazi ya mwaka 2015 juu ya barabara, iliyotazama miaka tangu 1963 mpaka 2011. Ilionyesha kwamba katika miaka hiyo wilaya za kabila la Rais zilipata fedha za barabara maradufu ya wilaya nyingine, na urefu wa lami mara tano. Palipokuwa na siasa ya ushindani, upendeleo huo ulipotea. Katika Bonde la Ufa, ambako twajua yaliyotokea mwaka 1992 na 2008, hatuhitaji kuongeza neno.

Na wengi wametuuliza juu ya zile fedha za Siaya. Ni kweli. Kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika moja la hisani liliwapa nyumba zaidi ya 10,000 kama dola 1,000 kila moja, bila masharti, na vijiji vya kupewa vikachaguliwa kwa kura. Wataalamu walikuta kwamba hata majirani wasiopewa kitu walifaidika, kwa kuwa fedha zilizunguka dukani, kwa fundi wa cherehani na kwa mwenye kinu, na kila dola moja ikazaa kazi ya karibu dola mbili na nusu. Bei za vitu hazikupanda ila kidogo sana. Ndugu zetu wa kamati ya mishahara wanataka tulichukue jambo hili mbele ya waajiri kama ushahidi. Twawashauri waende polepole. Fedha zile zilikuwa zawadi iliyotoka nje, si mshahara uliotoka katika mfuko wa shirika, na mtu mwenye elimu upande wa pili wa meza atatuaibisha kwa dakika mbili. Lakini wakituambia ati maskini akipewa fedha huzinywa zote na kupandisha bei ya unga, hapo twaweza kufungua karatasi ile.

Basi turudi kwa vijana wetu wanne. Mwanafunzi wa misheni kama sisi, aliyeishia darasa la saba, aweza kuona haya mbele ya mtu wa chuo kikuu. Asione haya. Mwuliza maswali naye ana mambo apaswayo kuulizwa. Kwanza aonyeshe kibali chake, maana sheria ya mwaka 2013 yataka kila mwenye kufanya utafiti katika nchi hii awe na leseni kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Pili aseme nani anayemlipa, na majina yetu yatakaa wapi. Mtu aweza kukataa kujibu swali moja na kujibu jingine, na hakuna wa kumlazimisha. Aulize kwa Kiswahili, na kama mama wa nyumba ni Mmasai asiyekijua vizuri, kwa Kimaa. Na lililo kubwa kuliko yote, aahidi kuturudishia alichokiona, katika lugha tunayoisoma, kabla bwana mwenye tai hajatusomea kwa lugha yake. Hawa wanne hatukuwauliza hata moja kati ya hayo. Kosa hilo ni letu.

Tena tumetambua jambo moja katika maswali yao. Waliuliza sufuria, waliuliza deni, lakini hawakuuliza mtu ameajiriwa kwa mwezi au kwa kibarua cha siku, wala amefanya kazi saa ngapi za usiku bila kulipwa ziada. Haikosi aliyetunga maswali hakuwahi kufanya kazi ya kibarua. Basi hayo tutayahesabu sisi wenyewe. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao kila gengi na kila steshini toka Longonot mpaka Nakuru itapewa daftari moja. Ndani yake yaandikwe kila siku saa ya kuanza kazi, saa ya kumaliza, waliokuwapo wa kudumu na wa kibarua, na aliyeumia. Yaandikwe siku hiyo hiyo, kwa kalamu, bila kuongeza kitu hata kama siku imekuwa mbaya. Daftari zitakusanywa na katibu wa tawi baada ya miezi mitatu, na shauri la kuwakataza wanachama kujibu maswali litangoja mpaka mkutano utakaofuata hapo. Gengi ambalo halina mtu wa kuandika limpashe katibu habari mapema, atafutwe kijana wa kuwasaidia.