Shujaa Asiyeulizwa Swali

Simu ya mkononi imefika hadi kwenye mitumbwi ya wavuvi wa Ukara, Kome na Maisome. Kwa njia hiyo watoto wetu wanatazama leo katuni za mashujaa za zamani, zile ambazo wazazi wao walizitazama utotoni wakiwa wamebanana katika vibanda vya video. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa wengi wetu wa Misungwi na Mwanza, mkanda wa video ndio uliokuwa televisheni.

Miongoni mwa katuni hizo zimo filamu fupi 17 za Superman, zilizotengenezwa Marekani kati ya 1941 na 1943. Muda wa haki zake ulikwisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuzitazama bila kumlipa mtu. Sisi tumezitazama upya, na tunaona yafaa kusema neno kuhusu kile wanachojifunza watoto wetu humo, hasa watoto wa visiwani.

Kwanza tuseme haki. Kazi yenyewe ni ya kupendeza. Kila picha ilichorwa na kupakwa rangi kwa mkono wa binadamu, na filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Zaidi ya hayo, shujaa huyu katika siku zake za kawaida ni mwandishi wa gazeti, nasi hatuwezi kuwa na chuki na mtu wa kazi yetu. Mtoto anayefurahi kumwona mwenye nguvu akimtetea mnyonge hana kosa lolote.

Hata hivyo, ukizitazama kwa macho ya mtu mzima unaona jambo ambalo utotoni halionekani. Katika filamu moja ya 1941 mitambo yenye umbo la watu inaiba mali mjini, na polisi wanaipiga risasi bila mafanikio. Katika nyingine, ya 1942, mnyama wa kale aliyekuwa amegandishwa katika barafu anazinduka na kuutia mji katika hofu. Watu wa mji hufanya nini? Hukimbia, hupiga kelele, kisha hutazama juu wakisubiri. Shujaa huja, humaliza kazi, huondoka. Hakuna anayemuuliza amejuaje, wala nani atalipa kilichovunjika, wala itakuwaje siku asipokuja.

Lipo na jingine linalotuhusu zaidi. Mwaka 1943 ilitolewa filamu iitwayo Jungle Drums. Ndani yake wenyeji wa msituni wameonyeshwa kama watumishi wa Wanazi, wasio na akili yao wenyewe, wakipiga ngoma na kutaka kumchoma moto mwanamke mwandishi. Mwaka huo huo maelfu ya vijana wa Tanganyika walikuwa ndani ya sare za King's African Rifles, wakipigana upande ule ule wa Superman. Walikuwa wamekwisha kupigana Uhabeshi mwaka 1941, na baadaye walipelekwa Burma. Aliyechora filamu ile hakuwaona. Mtoto wa leo akiitazama bila mkubwa wa kumwelezea, naye hatawaona.

Hatusemi watoto wanyang'anywe katuni. Kupiga marufuku ni kazi rahisi isiyofundisha chochote. Tunasema kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa tuna shujaa wetu, na hadithi yake imebeba hekima ambayo filamu zile hazina. Wasukuma husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, naye akamzaa Masala Kulangwa. Kijana huyo hakuzaliwa na nguvu za kupaa angani. Alianza kwa kuuliza: Mama, watu wengine wako wapi? Kila alipoua kiumbe alimletea mama yake na kuuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we, akaambiwa bado, akatoka tena. Mwishowe aliliua zimwi, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Lakini hadithi haiishii hapo. Katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi yule alikasirika, ingawa ameokolewa, na shujaa alilazimika kumtafutia dawa. Hapo ndipo wahenga wetu walipowazidi wachoraji wa 1941. Walijua kwamba hata mwokozi huwajibika kwa sikio alilolikata, na kwamba aliyeokolewa hajapoteza haki ya kulalamika. Somo hilo linawafaa watoto, na kwa maoni yetu linawafaa viongozi pia.

Tunasema haya kwa sababu ziwa letu halina mchezo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Hakuna aliyeshuka kutoka mawinguni siku ile. Waliowahi kuokoa watu walikuwa wavuvi na wanakijiji wenye mitumbwi yao. Ajali ya namna hiyo huzuiwa kabla chombo hakijang'oa nanga, na anayeizuia ni mtu wa kawaida anayehesabu abiria, anayekataa kupanda chombo kilichojaa, au anayeuliza jaketi okozi ziko wapi.

Kweli, tangu tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kutoka Kigongo hapa Misungwi hadi Busisi, limewaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko. Lakini ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine wangali wanavuka maji kwenda hospitali, sokoni na shuleni. Mtoto wa kisiwani anahitaji kujua kuuliza swali kuliko kujua kusubiri.

Je, katuni inaweza kufundisha hayo? Inaweza. Mfululizo wa He-Man wa Marekani, ulioanza 1983, ulitengenezwa kwa nia ya kuuza vinyago vya watoto; hata hivyo kila sehemu ilimalizika kwa mafunzo mafupi kwa mtazamaji. Ikiwa muuza vinyago aliweza, sisi tunashindwa na nini? Hapa nyumbani Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, aliwachekesha watu wazima huku akiwasema. Na tangu 2014 vijana wa Dar es Salaam wametuonyesha kwa Ubongo Kids kwamba katuni ya Kiswahili yaweza kufundisha hesabu na sayansi kupitia TBC, na watoto wakaipenda.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Maafisa utamaduni wa wilaya za Misungwi, Magu, Ukerewe, Sengerema na Buchosa wakae na wazee wasimuliaji pamoja na Makumbusho ya Bujora, wakusanye hadithi hizi kabla wasimuliaji hawajatutoka. TBC na wachoraji wetu wazigeuze kuwa katuni fupi. TASAC na wenye vivuko waongeze mwishoni mwa kila katuni fundisho moja la usalama majini, kisha zionyeshwe katika shule na katika vyumba vya kusubiria abiria. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na gharama ya jeneza moja.

Nanyi wazazi wa visiwani, msingoje bajeti. Mwacheni mtoto amtazame Superman, kisha mkae naye mumsimulie Masala Kulangwa. Na kesho mkiwa gatini, akiwauliza chombo hiki kinabeba watu wangapi, msimkemee. Mjibuni, na kama hamjui jibu, ulizeni pamoja naye.