Kwenda Majuu Miezi Mitano: Unarudi na Nini?

Leo nina kisa cha dogo mmoja wa mtaani kwetu, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Mwaka jana alipata nafasi ya kwenda Ulaya muhula mmoja, ile mipango ya vyuo kubadilishana wanafunzi. Mtaa mzima ulijua. Masela wakaanza kumwita Mzungu, na mama yake akashona kitenge kipya cha kumsindikizia uwanja wa ndege.

Juzi nikamkuta kijiweni kanyong'onyea. Karudi na alama safi, lakini chuoni kwake kaambiwa masomo ya kule hayafanani na ya hapa, hivyo muhula aurudie.

"Braza, si bora ningebaki?" akaniuliza.

Nikamwambia, kaa nikupe stori. Mwaka 1957 binti mmoja wa Kiitaliano, Sofia Corradi, mwanafunzi wa sheria mjini Roma, alipata udhamini wa Fulbright akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea sheria linganishi. Aliporudi akaomba masomo yale yahesabiwe, akakataliwa kavukavu. Mama wa watu hakususa. Miaka nenda miaka rudi aliwaandama wakuu wa vyuo na wa serikali akidai jambo moja tu: mtu akisoma kwa jirani, nyumbani ihesabiwe. Mwaka 1987 mpango wa Erasmus ukaanza na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, na yeye akabatizwa jina la Mama Erasmus. Tangu 2015 hata mwanafunzi wa Afrika anaweza kwenda, mradi chuo chake kina mkataba na chuo cha huko. Ada ya kule halipi, na nauli na posho anapewa.

Sasa wapo wanaodhani faida ya safari hizi ni kupiga picha kwenye theluji na kurudi unaongea puani. Hapana! Dogo anasema wiki ya kwanza mwalimu alimuuliza, "Wewe unaonaje?" akabaki ametoa macho, maana amezoea kukariri notisi. Mwezi wa tatu alikuwa akibishana na profesa bila woga. Akajua pia kupika, kwani huko hakuna mama ntilie wa kumkopesha wali maharage. Miezi mitano haitoshi kuijua nchi ya watu, ila inatosha kujijua mwenyewe.

Na wewe usiye na pasi ya kusafiria usikate tamaa. Pale Mlimani wageni wanakuja kila mwaka kujifunza Kiswahili chetu. Badala ya kuwacheka wanavyogombania daladala, wasogelee. Kubadilishana ni pande mbili.

Kosa la dogo ni lipi? Safari yake haikuwa ya Erasmus, na kuhusu masomo walielewana kwa mdomo tu. Kijana mwenzangu, kabla hujaanza kuaga, hakikisha ipo karatasi inayotaja somo moja moja utakalosoma na litahesabiwa badala ya lipi hapa. Isainiwe na wewe, chuo chako na chuo unachokwenda. Ukimaliza, usirudi bila matokeo rasmi yenye muhuri. Hiyo ndiyo tiketi yenyewe, ile ya ndege ni nauli tu.

Dogo ameandika barua ya rufaa, kaambatanisha mihtasari yote ya masomo ya kule. Nilimsaidia kuisoma, na kusema kweli imepangwa vizuri, hoja kwa hoja, haina kulialia. Nikamuuliza kajifunzia wapi kuandika hivyo.

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Kulekule, braza."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.